Gari dogo lililotumika: unanunua nini hasa ukiwa Mtwara au Lindi

Minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba na malipo yakaanza kuingia katika akaunti za wakulima kupitia vyama vya msingi, swali moja husikika kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea, na kuanzia Masasi hadi Lindi mjini: ninunue Vitz, Passo au IST? Anayeuliza huwa ameshapanga kiasi chake, ameshaona picha za magari kadhaa kwenye simu, na pengine dalali ameshampigia mara mbili. Swali lenyewe si baya, ila limetangulizwa mbele ya maswali yanayolizidi uzito. Magari mawili ya aina moja, ya mwaka mmoja na rangi moja, yaliyoegeshwa bega kwa bega karibu na stendi ya Mkanaledi, yanaweza kupishana sana katika gharama za mwaka wa kwanza, kwa sababu anayenunua gari lililotumika hununua maisha ambayo gari hilo limekwisha kuishi mikononi mwa wengine, pamoja na madeni ya maisha hayo. Maisha hayo husomeka katika chuma na husomeka katika karatasi, na katika mikoa yetu hii miwili yana alama zake ambazo mnunuzi wa Dodoma au Mwanza hana haja ya kuzitafuta kwa bidii kama sisi.

Tuanze na bei, maana wengi hudhani kwamba bei ya gari hupangwa na muuzaji peke yake. Sehemu kubwa ya magari madogo tunayoyaona barabarani yametoka Japani, nchi inayoendesha upande wa kushoto kama sisi, na ambako gari la binafsi hukaguliwa kisheria linapotimiza miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, kwa hiyo wenye magari wengi huko huona heri kuuza mapema, na ndiyo sababu gari la miaka 10 linaweza kushuka melini likiwa bado na nguvu. Likifika bandarini, thamani yake inayokadiriwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ikijumuisha bima na nauli ya meli, hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini isiyozidi cc 1,000 ni sifuri, kwa injini ya cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo ni asilimia 10. Kisha huja ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la umri wa miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10, na mwisho Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18 hutozwa juu ya mkusanyiko wote huo. Tozo ndogo, kama ile ya maendeleo ya reli, na ada ya usajili huongezwa kando.

Mfano utasaidia. Tuchukulie gari la cc 1,300 lenye umri wa miaka 15, ambalo TRA imelikadiria kwa shilingi milioni 8. Ushuru wa forodha ni milioni 2, na jumla inakuwa milioni 10. Ushuru wa bidhaa ni laki 5, wa uchakavu ni milioni 3, na jumla inafika milioni 13 na laki 5, ambazo VAT yake ni shilingi 2,430,000. Kodi hizo nne peke yake ni shilingi 7,930,000, yaani karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Gari hilohilo lingekuwa la cc 996, kodi zingepungua kwa shilingi 590,000, na hapo ndipo inapoeleweka kwa nini injini za chini kidogo ya cc 1,000 zimejaa katika miji yetu. Viwango hivi vinaweza kubadilishwa na bajeti ya Juni ya mwaka wowote, kwa hiyo anayetaka kuagiza aingie kwenye kikokotoo cha magari kilichopo katika tovuti ya TRA, aweke aina, mwaka na ujazo wa injini, asome kiasi cha siku hiyo.

Hesabu hiyo ina manufaa hata kwa asiyeagiza. Mtu anayenunua gari ambalo tayari lina namba za Tanzania ananunua gari ambalo kodi zake zililipwa na mtu mwingine, naye muuzaji hujaribu kurudisha kodi hizo ndani ya bei yake. Kwa hiyo bei iliyo chini sana kuliko wenzake isichukuliwe kuwa bahati mpaka sababu yake ipatikane: ama chuma kimechoka, ama karatasi zina kasoro, ama kodi haikuwahi kulipwa. Hili la mwisho lipo. Kuna magari yaliyoingia nchini kwa msamaha wa kodi, kwa jina la shirika, taasisi ya dini au mradi, na sheria hairuhusu yauzwe kwa mtu asiye na msamaha bila kodi iliyosamehewa kulipwa kwanza. Anayelinunua bila kujua hulipa bei ya muuzaji leo na hukutana na bei ya serikali siku anapokwenda kubadilisha umiliki.

Jambo jingine linalochanganya wanunuzi ni herufi za namba. Dalali atasema, kwa sauti ya mtu anayetoa siri, kwamba gari ni namba E, na bei itapanda. Herufi hizo hufuatana kadiri magari yanavyosajiliwa, kwa hiyo zinaonyesha gari lilianza lini kutembea katika barabara zetu, na hazionyeshi lilitengenezwa lini. IST ya mwaka 2004 iliyoingia nchini juzi itakuwa na namba E, ilhali IST ya mwaka huohuo iliyoingia zamani itakuwa na namba C au D. Namba mpya ina faida ya kweli, kwamba gari halijazunguka muda mrefu katika mashimo yetu, lakini mpira, nyaya na plastiki zake zina umri uleule. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Huo ndio wa kuulizia.

Kwenye kadi hiyohiyo kuna namba ya chasisi, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo, kwa sababu herufi chache za mwanzo wa namba hiyo humwambia mengi kuliko maneno ya dalali. Vitz ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2005, ikiwa namba yake inaanza na SCP10, ina injini ya 1SZ ya lita moja yenye silinda nne. Vitz ya toleo la pili inayoanza na KSP90 ina injini ya 1KR ya lita moja yenye silinda tatu, injini ambayo ndiyo ipo pia katika Passo ya lita moja inayoanza na KGC10. Inayoanza na SCP90 ni ya lita 1.3. IST ya toleo la kwanza inayoanza na NCP60 ni ya lita 1.3, NCP61 ni ya lita 1.5, na NCP65 ni ya lita 1.5 yenye kusukuma magurudumu yote manne. Muuzaji akisema ni 1.5 na kadi ikasema NCP60, mnunuzi ameshapata jibu kuhusu gari, na ameshapata jibu kuhusu muuzaji pia.

Injini ya silinda tatu hutetemeka kidogo gari likiwa limesimama. Ndivyo ilivyoumbwa, na mnunuzi asiyejua huikimbia akidhani inamisi, yaani silinda mojawapo haifanyi kazi. Kinyume chake hutokea pia: injini ya silinda nne yenye koili iliyokufa hutetemeka, muuzaji akasema ndivyo hizi gari zilivyo, na mnunuzi akaamini. Injini zote nilizozitaja hutumia cheni ya taimingi, tofauti na Starlet za zamani zenye injini ya 4E, ambazo hutumia mkanda unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Cheni hudumu muda mrefu, lakini hutegemea oili safi, na gari lililokuwa likibadilishwa oili pale tu mwenyewe alipopata fedha husikika: injini ikiwashwa asubuhi ya baridi, cheni iliyolegea hutoa mlio wa kugongagonga kwa sekunde kadhaa kabla oili haijapanda.

Kwa sababu hiyo gari liangaliwe asubuhi, kabla halijawashwa. Mnunuzi amwombe muuzaji asiliwashe mpaka afike, na akifika aweke kiganja juu ya boneti. Boneti likiwa la moto, muuzaji amelitayarisha. Injini ikiwa baridi, mfuniko wa rejeta hufunguliwa bila hatari: ndani yapaswa kuwa na kimiminika chenye rangi, kijani au chekundu, wala si maji ya bomba yenye kutu, maana maji ya bomba hula rejeta na hatimaye silinda hedi. Mfuniko wa oili nao ufunguliwe, na upande wake wa chini uangaliwe. Ute wenye rangi ya maziwa unaashiria kwamba maji na oili vimekutana, na katika gari la bei ya chini huo ni wakati wa kushukuru na kuondoka. Injini ikishawashwa, moshi wa bluu unaotoka wakati wa kukanyaga mafuta husema kwamba injini inakula oili, jambo linalozikuta injini nyingi za NZ, zile za IST, zikizeeka. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto husema kwamba maji yanaingia mahali yasipotakiwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwetu Kusini linapewa uzito mdogo kuliko linavyostahili, nalo ni chumvi. Gari langu la kwanza nililinunua kwa mtu aliyekuwa akiishi Shangani, hatua chache kutoka baharini, na kwa miaka kadhaa lilikuwa likilala nje likitazama maji. Juu lilikuwa linang'aa, kwa sababu lilikuwa limepigwa rangi upya. Nililikagua juu, ndani na kwenye injini, nikaridhika, nikalipa. Miezi mitatu baadaye fundi alilinyanyua kwa jeki ili abadilishe bushi, akaligusa sakafu kwa ncha ya bisibisi, nayo bisibisi ikapita hadi ndani, chini ya miguu ya abiria. Nilichokuwa nimekinunua kilikuwa rangi. Kuunga bati jipya, kuchomelea na kupaka dawa ya kuzuia kutu kulinigharimu fedha ambazo zingenunulia gari lile seti ya matairi manne, na bado halikuwahi kuwa imara, hasara ambayo ningeiepuka kama ningelala chini na kuangalia siku ya kwanza.

Kwa hiyo mnunuzi wa Mtwara mjini, Mikindani, Lindi au Kilwa alale chini kwenye turubai, au gari lipandishwe kwenye shimo la gereji, na macho yafuate mistari ya sakafu, kingo za chini ya milango, sehemu zinaposhikiliwa shokapu za nyuma, na mabomba membamba ya breki. Kutu ya juujuu inayofutika kwa kitambaa ni ya kawaida. Kutu inayobanduka kama magamba ya mti ni ugonjwa. Rangi mpya ya lami iliyopakwa chini ya gari wiki ya kuuza isichukuliwe kama matunzo mpaka igongwe kwa kidole na kusikika mlio wa chuma kizima. Hapohapo chini iangaliwe sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ambayo katika magari haya mafupi hubondwa na mawe ya barabara za vumbi. Sampo iliyochomelewa si lazima ikatishe biashara, lakini husema gari limeishi wapi.

Maji ya mvua ni habari jirani na ya chumvi. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari mengi yalikwama siku kadhaa. Gari lililozama maji hadi kwenye viti linaweza kukaushwa, kuoshwa na kunukishwa vizuri, likauzwa mbali na lilikozama, kisha baada ya miezi kadhaa taa, madirisha na kompyuta ya injini vikaanza kuharibika kimoja baada ya kingine pasipo sababu inayoonekana. Alama zake hubaki katika sehemu ambazo muoshaji hazifikii. Mkanda wa usalama uvutwe mpaka mwisho wake, kwa sababu tope hubaki katika sehemu iliyojiviringa ndani. Zulia linyanyuliwe pembeni. Reli za viti ziangaliwe kutu. Mahali tairi la akiba linapokaa pakaguliwe mchanga. Na taa za mbele zitazamwe kama zina ukungu kwa ndani.

Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi ni ushahidi dhaifu, kwa sababu hurudishwa nyuma kwa urahisi. Usukani ulioparuzika, pedali za breki zilizolika mpira na kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlango haviendani na kilomita 70,000, hata dashibodi iseme nini. Wakati mwingine kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti hubaki stika ya Kijapani ya kubadilisha oili yenye tarehe na kilomita. Ikiwa stika hiyo inaonyesha kilomita nyingi kuliko dashibodi, mazungumzo yamekwisha. Matairi nayo yana umri ulioandikwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la namna hiyo lenye kashata nzuri bado ni tairi la zamani.

Baada ya kuangalia, gari liendeshwe. Mtwara mjini ni tambarare, na dalali hupenda kumzungusha mnunuzi kati ya Ligula na Bandarini, ambako gari lolote huonekana zuri. Safari ya majaribio yenye maana ni ya nusu saa au zaidi, yenye lami, vumbi na mlima, huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa na watu wanne wakiwa ndani. Mlima ndipo gari la lita moja linapojieleza. Kwa mwalimu anayetoka Chuno kwenda kazini mjini na kurudi, injini ya cc 996 ni rafiki wa mfuko. Kwa mfanyabiashara anayepanda uwanda wa Makonde kwenda Tandahimba au Newala akiwa na mizigo, ambako ujenzi wa lami kutoka Mnivata kwenda Masasi umekuwa ukiendelea kwa vipande, injini hiyohiyo itafanya kazi kwa kuhema, itachemsha mapema, na akiba ya mafuta iliyotarajiwa haitaonekana. Katika mlima huohuo giaboksi isikilizwe: ya otomatiki yenye afya hubadilisha gia bila kupiga teke wala kupandisha mlio wa injini pasipo mwendo kuongezeka. Baadhi ya Vitz za kuanzia mwaka 2005, hasa za lita 1.3, zina giaboksi ya mkanda wa chuma isiyo na gia za kuhesabika, nayo hutaka mafuta yake maalumu. Ikiwekewa haidroliki ya kawaida na fundi asiyejali, hufa, na giaboksi ya mtumba ya kuziba pengo lake hupatikana Kariakoo kuliko kwetu.

Umbali huo wa kutoka Kariakoo ni sehemu ya bei. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni takribani kilomita 560, na ingawa spea za kawaida za Vitz, Passo na IST zipo katika maduka ya Mtwara, Masasi na Lindi, kitu chochote kisicho cha kawaida huagizwa, hupakiwa kwenye basi na husubiriwa. Hii ndiyo sababu ninamshauri mtu wa kipato cha kawaida aachane na gari zuri la aina ngeni, hata likiwa nafuu kwa milioni mbili, kwa sababu siku taa ya injini itakapowaka, fundi wa Masasi atahitaji kulijua gari hilo, na duka la jirani litahitaji kuwa na kifaa chake. Kuna wanaopendelea kwenda kununua Dar es Salaam ambako magari ni mengi na bei zina ushindani. Ni uamuzi wenye mantiki, mradi nauli, malazi, ujira wa fundi wa kuaminika na mafuta ya kurudi viingizwe kwenye hesabu kabla ya kulinganisha bei, na mradi fundi huyo asiwe yule aliyeletwa na dalali.

Karatasi sasa. Nimeziweka hapa kwa sababu hukaguliwa baada ya gari kupendeza, lakini uzito wake ni mkubwa kuliko wa injini. Injini mbovu hutengenezeka, ilhali gari lisilo lako kisheria ni hasara tupu. Kitu cha kwanza ni kadi halisi ya gari, wala si nakala. Namba ya chasisi iliyopo kwenye kadi ilinganishwe, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyogongwa kwenye bati la gari, na namba ya injini vilevile. Muuzaji akisema kadi ipo benki, au ipo kwa mtu, ina maana gari ni dhamana ya mkopo, na hakuna malipo yanayopaswa kutolewa mpaka mkopeshaji mwenyewe athibitishe kwa maandishi kwamba deni limekwisha na kadi imeachiliwa. Akisema kadi imepotea na ametoa taarifa polisi, mnunuzi asubiri muuzaji apate kadi mpya kutoka TRA kwa jina lake, kwa sababu kadi inayodaiwa kupotea mara nyingine imelala salama kwenye kabati la mkopeshaji.

Jina lililo kwenye kadi ndilo lenye mamlaka ya kuuza. Kwetu magari mengi yamepita mikono mitatu au minne kwa makubaliano ya mdomo na karatasi za mkononi, bila umiliki kubadilishwa hata mara moja, na mnunuzi wa nne hugundua kwamba mwenye jina yupo Morogoro au amefariki. Ikiwa amefariki, mjane au mtoto mkubwa hawezi kuuza kwa sababu tu anaishi na gari hilo. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua ya uteuzi wake ndiyo ya kuombwa. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona ndugu wa familia moja wakifarakana juu ya gari ambalo mnunuzi alilipa kwa moyo safi, naye akabaki akiitwa barazani kila wiki kueleza alimpa nani fedha.

Madeni hufuata namba ya gari. Faini za usalama barabarani, ambazo kwa kosa moja la kawaida ni shilingi 30,000, huonekana katika mfumo wa Jeshi la Polisi mtu akiingiza namba ya gari, na dakika mbili za simu zinatosha kuona kama gari lina makosa ambayo hayajalipwa. Gari lililotoka Dar es Salaam linaweza pia kuwa na madeni ya maegesho. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo muuzaji asimwambie mnunuzi kwamba ameshalipia barabara ya mwaka huu. Hakuna kitu hicho tena. Stika ya bima ihakikiwe katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), na mnunuzi apange kukata bima yake mwenyewe, walau ile ndogo inayowalinda wengine, ambayo kwa gari la binafsi imekuwa shilingi 118,000 pamoja na VAT.

Mauziano yafanyike kwa mkataba mbele ya wakili, wenye picha za pande zote mbili, namba zao za utambulisho, namba za gari, chasisi na injini, kiasi kilicholipwa, na saa ya makabidhiano. Saa ina maana yake: gari likigonga mtu jioni ya siku ya kuuziana, mkataba ndio utakaoonyesha lilikuwa mikononi mwa nani. Mwenzi wa muuzaji akisaini pia, ugomvi mwingi wa baadaye hukatwa mapema. Fedha zipite benki, kwa sababu mwamala wa benki ni shahidi asiyesahau. Kisha mnunuzi na muuzaji waende TRA pamoja, wakiwa na namba zao za mlipakodi (TIN), wabadilishe umiliki. Hapo hulipwa ada ya kuhamisha, kadi mpya, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Kuna wanaoahirisha hatua hii ili kuokoa laki moja au mbili. Ni akiba ya gharama kubwa mno, kwa sababu muuzaji akihama, akifariki au akigeuka, gari linabaki lake katika kumbukumbu za serikali.

Kuhusu fedha, mwenye milioni 10 asitafute gari la milioni 10. Atafute la milioni 7 na nusu au 8, maana gari lililotumika, hata likiwa zuri, litadai katika mwezi wa kwanza oili na chujio zake, pedi za breki, pengine betri, bushi na matairi mawili, na umiliki na bima vitadai sehemu yake. Mafuta nayo yahesabiwe kwa safari halisi. Gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita litatumia karibu lita 29 kwenda Masasi na kurudi Mtwara, na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ikiwa na bei yake kwa mafuta yanayoshushwa bandari ya Mtwara, kwa hiyo mtu anaweza kuzidisha mwenyewe kabla hajaona gari lolote. Na akiweza kusubiri, asubiri hadi Machi au Aprili, wakati fedha za korosho zimetulia, wauzaji wana haraka kuliko wanunuzi, na mvua za msimu zinapita chini ya milango na kuonyesha gari lipi linavuja.

Hapo sasa swali la Vitz, Passo au IST linaweza kujibiwa. Kwa mtu wa mjini asiyebeba mizigo, Vitz ya KSP90 au Passo ya lita moja, ile yenye sakafu nzima kuliko wenzake, inatosha kabisa. Kwa anayetoka nje ya lami kila wiki, IST ya NCP61, yenye nguvu zaidi na iliyosimama juu kidogo, italipa tofauti ya bei yake kwa sampo ambazo haitazitoboa. Na kwa yeyote kati yao, siku ya makabidhiano, kabla ya kupeana mikono, aombe ufunguo wa pili. Usipokuwepo, abadilishe vitasa au apunguziwe bei ya kuvibadilisha, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba.